Bibi Shamba Anajibu: Mpunga uliolala majini, mapepe, na gunia lililoshonwa kwa uzi mwekundu

Barua moja ya mwezi huu ilinifikia imelowa, nikaianika juani kwenye ungo kabla ya kuisoma. Zilizobaki zilifika kavu, lakini karibu zote zinaulizia maji: yamechelewa, yamezidi, yameingia na chumvi. Nimechagua saba. Kwa wasionijua, nilikuwa bibi shamba wa serikali katika bonde la Kilombero kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, ninalima ekari mbili na nusu nje kidogo ya Ifakara, na ninakosea kama ninyi.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Msimu huu nimesia mara tatu. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne mfululizo katikati ya Novemba, nikamwaga mbegu. Jua likawaka wiki tatu, zikaungua. Nikarudia Desemba, ndege na panya wakazimaliza. Za Januari ndizo zilizoota. Baba yangu alikuwa anasia mvua ya kwanza tu, na alikuwa anavuna. Nimekosea wapi?
– Mkulima wa ekari tatu, Mngeta

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulifuata kalenda ya baba yako, na baba yako alikuwa sahihi kwa miaka yake. Redioni wanasema mabadiliko ya tabianchi. Shangazi yangu anasema mwaka umeharibika. Wanasema jambo lilelile. Mvua ya kwanza siku hizi inakuja kama mgeni anayechungulia mlangoni na kuondoka bila kukaa.

Kosa lako ni kumwaga mbegu yote kwa siku moja. Mimi mvua ya kwanza ikikatika huchukua jembe na kuchimba. Unyevu usipofika shubiri moja kwenda chini, sisii. Ukifika, hufinyanga udongo mkononi: donge likishikamana, nasia nusu, nusu nyingine inabaki kwenye ndoo yenye mfuniko. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ule wa mwisho wa Oktoba, wa mvua za msimu, usiishie kusikiliza kama mvua ni za wastani au juu ya wastani. Subiri waseme kuhusu vipindi virefu vya ukavu. Hayo ndiyo maneno yanayokuhusu. Mvua ikijumlishwa kuanzia Novemba hadi Aprili inaweza kuwa ya wastani kabisa, na mpunga wako ukawa umekufa Desemba.

Njia nyingine ni kitalu. Sia kipande kidogo karibu na kisima, pahali ambapo wewe na mkeo mnaweza kumwagilia kwa ndoo. Jua likiwaka, unaokoa kitanda kimoja cha miche badala ya kulilia ekari tatu. Najua utaniambia kupandikiza kunataka watu na watu wanataka hela. Ni kweli. Lakini piga hesabu ya mbegu uliyomwaga mara tatu, kisha tuzungumze.

Hukutaja aina ya mbegu. Kama za Januari ni Supa, jiandae. Supa inakaribia miezi mitano shambani. Saro 5, ile ambayo wataalamu wanaiita TXD 306, ni kama miezi minne. Mwaka wa kuchelewa, mwezi huo mmoja ndio unaoamua kama mpunga utabeba mimba mvua zikiwepo au zikiwa zimekwisha.

SWALI: Bibi Shamba, mimi ni mama wa watoto wanne, shamba langu liko mbugani upande wa mto. Mpunga ulikuwa umefika magotini, maji yakaja usiku yakaufunika wote kwa siku sita. Sasa yameshuka. Majani ni ya njano na yamejaa tope. Jirani anasema nilime upya, mume wangu anasema tusubiri. Nani yuko sahihi?
– Mama wa mbugani (barua iliyolowa ni yako)

JIBU: Mumeo, lakini kwa wiki moja tu, asizidishe.

Watu wanadhani mpunga ni kama samaki kwa sababu unakaa majini. Sivyo. Mpunga unapenda miguu iwe majini na kichwa kiwe hewani. Ukifunikwa wote unajinyoosha kutafuta hewa, na kwa kujinyoosha huko unakula akiba yake yote. Maji yakishuka unalala chini, mrefu, mwembamba, hauna nguvu. Mbegu nyingi hazivuki wiki moja hivi. Kule India kulikuwa na mpunga wa asili wa Odisha ambao ukizama haujinyooshi: unatulia, unasubiri. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kuipata jini, yaani chembe ya urithi, inayoufanya utulie, wakaiita Sub1A, na leo kuna mbegu za huko zinazovumilia hata wiki mbili chini ya maji. Wewe una mbegu uliyo nayo, kwa hiyo turudi shambani kwako.

Ng'oa shina moja hapa, jingine pale, yafike kumi. Menya majani ya nje mpaka kwenye kiini, pale chini karibu na mizizi. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, shina liko hai hata kama majani yote yamekauka. Kikiwa cha kahawia na kinabonyea kama ndizi iliyooza, limekufa. Mashina sita au saba katika kumi yakiwa hai, usilime. Usiingie kukanyaga ovyo, na mbolea ya kukuzia iache mpaka uone jani jipya. Mgonjwa hapewi pilau siku anayoamka. Jani likitoka, tafuta mashina yenye machipukizi mengi, yagawe kwa mkono pamoja na mizizi, uzibe mapengo. Ni kazi ya kuinama, lakini mche wa kugawa una umri sawa na wenzake, hivyo utaiva nao.

Wote ukiwa umekufa, na mwezi umeshakuwa Aprili mwishoni, achana na mpunga. Ngoja maji yatoke kabisa, weka choroko au kunde kwenye unyevu uliobaki. Choroko zinakupa chakula ndani ya miezi miwili hadi miwili na nusu.

Nikwambie na aibu yangu. Kuna mwaka nilirudi kutoka mafunzoni nimejaa kilimo shadidi kichwani. Ni kilimo kizuri, chimbuko lake Madagaska: mche mmoja mmoja, umri siku 8 hadi 12, nafasi sentimeta 25 kwa 25, maji kidogo. Nikakusanya akina mama 14 mbugani, tukapanda shamba la mfano la nusu ekari, kamba imenyooshwa, miche midogo kama sindano. Bibi mmoja wa Kindamba alisimama pembeni na jembe lake begani, akaniuliza: "Mwanangu, na mto ukija?" Nikamjibu kwa utaalamu mwingi. Siku ya kumi na moja mto ukaja. Maji hayakuwa marefu, yalinifika chini ya goti, ila kwa miche ile ilikuwa bahari. Haikubaki hata mmoja. Mpunga wa yule bibi, aliopandikiza miche ya wiki tano, mirefu, ulisimama ncha zake nje ya maji.

Tangu hapo, mtu akiniuliza umri wa kupandikiza, namuuliza kwanza jaruba lake, kile kipande cha shamba chenye kingo za kushika maji, liko wapi. Kwenye skimu yenye mfereji na lango la maji, siku kumi ni sawa. Mbugani, mche uwe na urefu wa kujitetea. Na baada ya mvua za El Niño za mwaka 2024, ambazo kufikia Aprili 25 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa zimeua watu 155 nchini, sioni tena haya kusema hivyo hata mbele ya mabosi wangu wa zamani.

SWALI: Assalaam aleikum Bi Shamba. Bonde letu lilikuwa la mpunga tangu enzi za mababu. Sasa bamvua likiwa kubwa maji ya bahari yanapanda mpaka ndani. Mpunga unaota, ncha zinakauka, unabaki mfupi. Tufanye nini?
– Msomaji, Pemba

JIBU: Wa aleikum salaam. Mpunga unaumizwa zaidi na chumvi katika nyakati mbili: ukiwa mchanga, na unapochanua. Kwa hiyo kitalu kiwe juu, kwenye maji matamu, na miche ikae humo mpaka ikomae, siku 30 au zaidi. Mvua kubwa ya kwanza usiipandie. Ifungie ndani ya majaruba, iache ilale siku mbili tatu, kisha ifungulie itoke na chumvi yake. Rudia ukiweza. Kuna mbegu zilizotolewa Tanzania kwa ajili ya ardhi ya chumvi, SATO 1 na SATO 9. Waulizeni watafiti wenu wa Kizimbani kama zinafaa udongo wenu. Tuta la kuzuia bahari ni kazi ya kijiji kizima, mtu mmoja hawezi. Na mikoko iliyobaki mbele ya bonde, tafadhalini, isikatwe hata kijiti.

SWALI: Bibi Shamba, mpunga wangu wa skimu ulichanua vizuri Februari, maji yalikuwepo, mbolea niliweka. Masuke yamesimama wima, ukiyafikicha ni mapepe matupu, maganda yasiyo na punje. Duka lililoniuzia mbegu linasema mbegu ni nzima. Nani anadanganya?
– Mkulima, Chekereni, Moshi

JIBU: Huenda hakuna. Fanya hivi kabla ya kugombana. Shika suke, livute. Likichomoka kirahisi kama mshumaa kwenye keki, na chini limetafunwa, huyo ni funza wa bua. Lisipochomoka, tazama shingo yake: ikiwa nyeusi au ya kahawia na imesinyaa, ni ugonjwa wa ukungu. Majani yakiwa na michirizi ya njano na shamba limedumaa viraka viraka, ni kimyanga, ugonjwa wa virusi. Shingo ikiwa ya kijani safi, bua zima, na mapepe yametapakaa katikati ya punje nzima, nadhani ni joto.

Ua la mpunga hufunguka asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, tena kwa muda mfupi tu. Joto likivuka nyuzi 35 saa hiyo, chavua inakufa na punje haiundwi. Kazi ya miezi minne inaharibika kwa saa moja. Na Moshi ya Februari mnaijua wenyewe.

Joto la usiku nalo lina yake. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga kule Los Baños, Ufilipino, walitangaza mwaka 2004 kwamba katika mashamba yao ya kiangazi, kila nyuzi moja ya joto la usiku iliyoongezeka ilikwenda na upungufu wa mavuno wa karibu asilimia 10. Usiku mpunga unapumua. Kukiwa na joto unapumua sana, unakula kile ulichokipika mchana.

Cha kufanya ni kusogeza tarehe ya kitalu ili uchanuaji usiangukie kwenye wiki zile za moto. Najua hapo skimuni tarehe haiamuliwi na wewe, inaamuliwa na zamu ya maji. Basi lipelekeni kwenye mkutano wa umoja wa wamwagiliaji, na mwende na masuke yenu mkononi. Wiki ya kuchanua, jaruba lisikauke hata siku moja, maji yanapoza.

SWALI: Nasoma chuo Dar es Salaam. Mwalimu ametuambia mashamba ya mpunga yenyewe yanachangia kuongeza joto la dunia. Je, mkulima mdogo naye ana hatia?
– Mwanafunzi

JIBU: Mwalimu wako hakukosea. Ukikanyaga jaruba lililojaa maji muda mrefu utaona mapovu yanapanda kando ya mguu. Sehemu kubwa ya hayo ni methani, gesi inayoongeza joto la dunia, inayotengenezwa na vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa. Katika methani yote inayotokana na shughuli za binadamu, mpunga unachangia karibu sehemu moja katika kumi.

Hatia ni neno la mahakamani. Lakini kuna jambo linalomfaa mkulima na hewa kwa pamoja: kukausha na kujaza kwa zamu. Unachukua kipande cha bomba la plastiki chenye matundu, unakizika jarubani, unachungulia ndani. Maji yakishuka sentimeta 15 chini ya udongo, unajaza tena. Wiki ya kuchanua unaacha mchezo huo. Unaokoa hata asilimia 30 ya maji, na mapovu yanapungua sana. Ila kunahitaji mfereji unaofunguka ukiutaka. Mkulima wa mvua hana bomba la kufunga. Mbingu ndiyo inayomkaushia na kumjazia, wala haimuulizi.

SWALI: Bibi Shamba, naandika mume wangu akiwa amelala. Tumevuna gunia 24 kwenye ekari tatu. Januari tulikopa laki tatu za palizi, tukalipa gunia nane. Juni tukauza 12 kwa elfu sitini sitini, tukaezeka bati na kulipa ada. Zilibaki nne. Tuko watu saba. Mchele uliisha mwanzoni mwa Novemba, sasa nanunua kilo kwa 2,800. Watoto wanakula uji mchana. Tatizo ni mvua au ni sisi?
– Mke wa mkulima, Malinyi

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikachukua kalamu. Tupige hesabu pamoja.

Watu saba, kwa wali wa mlo mmoja, mnakula kama kilo moja na nusu ya mchele kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 45, kwa mwaka 540. Mashine zetu za vijijini, ukipeleka kilo 100 za mpunga unarudi na 60 za mchele ukibahatika. Kwa hiyo mnahitaji kilo 900 za mpunga. Kama gunia lenu ni la kilo 90, bila lumbesa, ni gunia kumi. Ninyi mlibaki na nne: kilo 216 za mchele, siku 144. Kutoka katikati ya Juni, siku 144 zinaishia mwanzoni mwa Novemba. Mchele wako haukuibwa na mtu.

Sasa upande wa pili. Gunia mliloliuza 60,000 lilikuwa na kilo 54 za mchele ndani yake. Kwa bei unayonunulia leo, kilo 54 ni shilingi 151,200. Mmeuza kwa sitini mnachokinunua kwa mia moja na hamsini.

Na zile nane za mkopo, ambao kwetu wengine wanauita songoleda: laki tatu za Januari zililipwa kwa mpunga wa 480,000 kwa bei ya Juni ileile. Mwenye fedha anakopesha Januari kwa sababu anajua ndio mwezi ambao nyumba hazina kitu. Mvua zikichelewa, palizi inasogea, mkopo unakuwa mkubwa, mavuno yanakuwa madogo, gunia za kulipa ni zilezile. Kwa hiyo swali lako linajibika hivi: mvua ilianza, mkopo ukamalizia.

Lawama kwa mumeo sina. Bati ni bati, na ada haisubiri. Ninachowaomba ni kubadili mpangilio. Siku ya kupura, kabla mnunuzi hajafika na mzani wake, gunia kumi za kula zitoke kwanza. Mimi zangu nazishona mdomo kwa uzi mwekundu. Nyumbani kwangu kila mtu, hata mjukuu wa miaka sita, anajua gunia la uzi mwekundu haliuzwi, haliazimwi, halipelekwi harusini. Alama ya rangi imenisaidia kuliko mahubiri. Ziwe zimekauka: tafuna punje, ikilia "ka" na kukatika vipande viwili iko tayari, ikibonyea, rudisha juani kwenye turubai. Na usiuache mpunga ukomae, ukauke, unyeshewe tena ukiwa shambani, kwa maana mvua za Juni siku hizi zinatokea. Punje inapasuka kwa ndani na mashineni unapata chenga.

Kwa palizi ya mwakani, gunia mbili zitengwe sasa, ziuzwe Desemba bei ikiwa juu. Pengine hazitatosha laki tatu, lakini mtakopa kidogo, na mkope kwenye kikundi chenu cha akina mama.

Msidhani pia kuwa sokoni kutakuwa na mchele wa bei nzuri siku zote. Julai 2023 India, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilizuia mchele wake mweupe usio basmati usitoke nje, kwa kuhofia bei za nyumbani kwake baada ya mvua kuharibu mambo. Bei za dunia zikaruka. Zuio lilikaa zaidi ya mwaka. Mvua ya India ikikosea, sufuria ya Malinyi inasikia.

Mwonyeshe mumeo hesabu hii asubuhi, akishakunywa chai. Usimwamshe.

SWALI: Bibi, maneno mengi! Wewe mwenyewe msimu huu umepanda nini?
– Kijana mpenda utani, Kidatu

JIBU: Ekari moja na nusu ya juu ni Saro 5, mbegu niliichambua kwa maji ya chumvi: unatia chumvi mpaka yai bichi lielee, unamwaga mbegu, zinazoelea unawapa kuku, zinazozama unazisuuza na kuzisia. Ekari moja ya chini, karibu na mto Lumemo, ni Supa, miche ya wiki tano. Kitaalamu nilipaswa kuachana na Supa miaka mitano iliyopita. Mzee wangu anasema Saro haina harufu, na kwamba mtu hawezi kukaa mwaka mzima kwenye bonde la Kilombero akila wali usionukia. Nusu ya kile kipande cha Supa ilifunikwa na maji siku tatu mwezi uliopita. Jana nilikwenda kumenya mashina kumi. Nane yana kiini cheupe.